Uzi maalumu wa fiksi: tuijenge wenyewe, tuiendeshe bila kuumia

Mzee_wa_Spoki

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Maswali ya fiksi yananijia faragha kila mara na majibu yangu ni yaleyale, kwa hiyo nimeona bora niyamwage hapa mara moja, wote tufaidike, na wenye kujua zaidi waniongezee. Ni marefu, vuteni kiti.

Kwa asiyeijua: fiksi ni baiskeli ya gia moja ambayo sproketi ya nyuma (gurudumu dogo la meno) imefungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na friwili, kile kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka pedeli zikiwa zimetulia, hakuna. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka. Ukiisukuma kinyumenyume, pedeli zinarudi kinyumenyume. Ule utamu wa kuacha kukanyaga kwenye mteremko na kuiachia baiskeli iserereke yenyewe, huku haupo. Badala yake miguu yako inaisikia barabara kila nukta, na mwendo unauongeza na kuupunguza kwa miguu hiyohiyo. Aliyezoea anajua ninachosema, na asiyezoea atanielewa baada ya wiki mbili za kuendesha.

Kabla ya rangi, kabla ya usukani, kabla ya mambo yote, naomba mtu aiangalie habu ya nyuma. Habu halisi ya fiksi ina hesi mbili (mikato ya kuzungushia kama ya skrubu) zilizopangana kama vidaraja. Ile pana ni hesi ya kulia, ya kawaida, na hapo inakaa sproketi. Ile nyembamba, iliyo nje yake, ni hesi ya kushoto: unakaza kwa kuzungusha kinyume cha saa. Hapo inakaa ringi ya kufungia. Sasa tazama kazi yake. Ukikanyaga kwenda mbele, mnyororo unazidi kuikaza sproketi. Ukizipinga pedeli ili upunguze mwendo, mnyororo unaivuta sproketi ifunguke. Ikianza kufunguka inaiburuta ringi kuelekea upande huohuo, na kwa kuwa ringi ni ya hesi ya kushoto, upande huo kwake ndio wa kukaza. Kadiri unavyopinga, ndivyo inavyozidi kubana.

Habu ya friwili haina hiyo hesi ya pili. Na hapa ndipo wengi tunaponaswa, maana hesi yake kubwa inalingana na ya fiksi, kipenyo inchi 1.37, mizunguko 24 kwa inchi. Sproketi ya fiksi inaingia vizuri kabisa, inakaa kama imezaliwa hapo. Baiskeli yangu ya kwanza niliijenga hivyo. Nikapaka gundi ya hesi, juu yake nikafungia ringi niliyoitoa kwenye ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu kuunganisha pedeli mbili) ya baiskeli mbovu. Ringi hiyo nayo ni ya hesi ya kulia, yaani inafunguka upande uleule inakofungukia sproketi. Ilinibeba wiki kama tatu. Siku hiyo nateremka, mbele kuna njia panda, nikazipinga pedeli kama nilivyozoea. Miguu ikalegea ghafla, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakanyaga kidaraja ambacho hakipo. Gurudumu linakimbia, pedeli hazishiki kitu. Breki ya mbele sikuwa nayo. Nilijitupa kwenye nyasi kando ya barabara nikavunja mtulinga. Baadaye nilipolichukua gurudumu nikaikuta sproketi inazunguka kwa kidole kimoja, na hesi za habu zimemenyeka kama mahindi.

Kwa hiyo nawasihi, tafuteni habu yenye hesi mbili. Kama huipati, habu ya breki ya diski yenye boliti 6 nayo ni njia nzuri: zipo sproketi zenye matundu 6 zinazofungwa palepale pa diski, na hiyo haina hesi ya kufunguka kabisa. Ila gurudumu itabidi uligeuze, diski ije kulia, na spoki uzivute upya ili rimu ikae katikati.

Kufunga sproketi: safisha hesi, paka grisi, ingiza kwa mkono mpaka mwisho. Ikigoma katikati, itoe uanze upya. Habu ni aluminiamu na sproketi ni chuma, ukilazimisha mwenye kufa ni habu. Kisha kaza kwa spana ya mnyororo, uzito wako wote. Funga ringi kwa spana ya kulabu inayoingia kwenye meno yake. Usigonge ringi kwa patasi na nyundo, nimeshaona nyingi zilizopasuka kwa mtindo huo.

Uwiano wa gia: wengi wanaanza na meno 46 mbele na 16 nyuma. Ni 2.875, maana yake kwa gurudumu la kawaida la mbio, lenye mzingo wa kama mita 2.1, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 6. Ukizungusha mara 90 kwa dakika unakwenda kilomita 32 na ushei kwa saa. Mteremko ukikufikisha kilomita 50 kwa saa, miguu itazunguka karibu mara 138 kwa dakika utake usitake. Mahali pa milima, 44 kwa 16 au hata 44 kwa 18 ni busara zaidi. Usichague gia kwa sifa, kwa sababu gia nzito ni nzito kuisukuma na ni nzito vilevile kuisimamisha.

Nakaribisha maswali.

Kijana_wa_Pedeli

Mkuu shikamoo, na asante kwa darasa. Nina fremu ya zamani ya chuma, ya mbio, nataka kuigeuza. Nitajuaje kama inafaa? Na jamaa mmoja kaniambia nikate tu mnyororo nifunge, mengine yatajipa.

Mzee_wa_Spoki

Marahaba kijana wangu. Huyo jamaa asikuharakishe.

Geuza baiskeli utazame masikio ya nyuma, pale ekseli inapoingia. Kama mfereji umelala, unaweza kulisogeza gurudumu mbele na nyuma, basi fremu yako inafaa, maana fiksi haina kifaa cha kuuvuta mnyororo, kazi hiyo inafanywa na gurudumu lenyewe. Fremu za uwanjani, yaani za uwanja wa mbio za baiskeli, mfereji wake unafungukia nyuma, fremu za zamani za barabarani unafungukia mbele kwa mshazari, zote sawa. Kama mfereji umesimama wima, gurudumu linakaa mahali pamoja tu. Hapo kuna habu maalumu yenye ekseli ya pembeni, ambayo ukiizungusha inalisogeza gurudumu, au upate bahati ya uwiano ambao mnyororo unakaa sawa wenyewe. Bahati hiyo huisha mnyororo ukianza kuchakaa. Vile vigurudumu vyenye springi vya kukazia mnyororo, usiviweke kwenye fiksi hata kwa kujaribu. Ukipinga pedeli, nguvu yote inapita upande wa chini wa mnyororo, na kigurudumu kitang'oka.

Pili, pima nafasi kati ya masikio. Habu ya uwanjani ni milimita 120, fremu za zamani za barabarani mara nyingi ni 126, za baadaye 130. Usibane fremu kwa kukaza nati, jaza wosha kwenye ekseli kila upande hadi itoshe.

Tatu, mstari wa mnyororo. Hili naomba ulipe muda. Pima kutoka katikati ya fremu hadi katikati ya meno ya mbele, kisha kutoka katikati ya habu hadi katikati ya meno ya nyuma. Habu nyingi za uwanjani zinakupa kama milimita 42. Mbele nako kuwe hivyohivyo, tofauti ya milimita moja au mbili inavumilika. Kwenye baiskeli ya gia nyingi mnyororo ukikaa mshazari unalia tu. Kwenye fiksi mnyororo unaweza kuruka, na ukiruka unajisokota kwenye gurudumu na kulifunga papo hapo. Ukikuta mbele kumetoka nje sana, hamishia gia upande wa ndani wa krenki (ule mkono unaobeba pedeli), au badilisha ekseli ya pedeli uweke fupi.

Na krenki zenyewe: kwenye kona huwezi kuacha kukanyaga, pedeli ya ndani itashuka tu. Fremu za uwanjani zimeinuliwa kidogo sehemu ya pedeli kwa sababu hiyo, ya kwako haijainuliwa. Tafuta krenki za milimita 165 badala ya 170 au 175. Pedeli ikigusa lami kwenye kona, gurudumu la nyuma linanyanyuka na wewe nalo.

Upepo_Mkali

Maelezo mazuri lakini hamjagusa jambo muhimu. Fiksi halisi haina breki. Miguu ndiyo breki. Ukiweka breki umeharibu maana yote. Mimi napiga skidi, nafunga pedeli tairi la nyuma liteleze, na nasimama popote, mwaka wa nne huu.

Mzee_wa_Spoki

Ndugu Upepo, ufundi wako siupingi, na skidi nzuri inahitaji mazoezi ambayo wengi hawana subira nayo. Ila hesabu ya kusimama haibadiliki kwa ufundi. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na gurudumu jepesi haliwezi kuishika barabara. Miguu yako hata iwe ya chuma, kinachokusimamisha ni mshiko wa tairi la nyuma, na huo ni chini ya nusu ya unachopata kwa breki ya mbele. Kwenye skidi hali ni mbaya zaidi, maana umeegemea mbele makusudi ili tairi la nyuma liteleze. Skidi inapunguza mwendo pole pole, na mtoto akikatiza mbele yako hana habari na mwaka wako wa nne.

Uingereza kanuni za 1983 zinataka baiskeli ya barabarani iwe na mifumo miwili ya breki, na fiksi inahesabiwa kuwa na mmoja tayari, wa nyuma. Kwa hiyo wanachodai ni breki moja ya mbele. Naona wamekaa sawa kabisa. Breki moja, waya mmoja, haichafui sura ya baiskeli. Cha kuangalia ni foku, ile uma inayoshika gurudumu la mbele: foku nyingi za uwanjani hazina tundu la breki, na kutoboa foku nyembamba si kazi ya kubahatisha, tafuta foku yenye tundu tangu mwanzo.

Bibi_Velodromu

Naomba niingie hapa, maana mimi nimelelewa uwanjani na kila mara naona watu wanauhusisha uwanja na barabara visivyo.

Ni kweli, baiskeli zetu za uwanjani hazina breki. Lakini uwanja wa mita 250 una kingo zilizoinuka zaidi ya nyuzi 40 kwenye kona, wote mnazunguka upande mmoja, hakuna gari, hakuna mbwa, hakuna anayefungua mlango. Pale breki ndiyo hatari, maana wa mbele akibana ghafla wote wa nyuma wanamvaa. Kupunguza mwendo tunapanda juu ya kingo, mwinuko unakupokea. Mashindano ya keirin ya Japani, yaliyoanza 1948, yanaendeshwa hivyo hadi leo, gia moja, breki hakuna, na fremu na vipuri lazima viwe vimeidhinishwa. Barabarani hakuna kingo za kupanda.

Nakazia pia suala la gia. Filippo Ganna, mwendesha baiskeli wa Italia, aliposafiri kilomita 56.792 ndani ya saa moja mwaka 2022, alikuwa na meno 65 mbele na 14 nyuma. Watu wanaona hivyo wanakimbilia gia kubwa. Yule haanzi na kusimama kwenye kila taa, anaanza mara moja tu, na mwisho wa saa anaachia gurudumu lijichokee lenyewe. Wanafunzi wangu wapya nawapa gia nyepesi miezi mizima, mpaka waweze kuzungusha mara 120 kwa dakika bila makalio kurukaruka kwenye kiti. Mguu laini kwanza, nguvu itafuata.

Upepo_Mkali

Nimesoma, na hoja ya uzito kuhamia mbele sijawahi kuelezwa hivi. Nitaipima mwenyewe. Nina swali tofauti: tairi langu la nyuma linaisha haraka sana na linaisha sehemu moja, kama limekatwa na kisu. Natumia 48 kwa 16.

Mzee_wa_Spoki

Jibu liko kwenye hiyo 48 kwa 16. Iandike kama sehemu ya hesabu, 48 juu na 16 chini, kisha irahisishe: inakuwa 3 kwa 1. Ile namba ya chini ndiyo idadi ya mahali ambapo tairi linaweza kugusa lami unapofunga pedeli kwa mguu uleule mbele. Wewe unapo pamoja tu. Kila skidi yako inasugua mahali palepale. Ukijifunza kufunga kwa mguu wowote unapata mahali pawili, kwa kuwa namba ya juu ni witiri. Badilisha sproketi ya nyuma tu uweke 17: 48 kwa 17 hairahisishiki, unapata mahali 17. Hiyo 46 kwa 16 niliyoitaja mwanzo ni 23 kwa 8, mahali 8, au 16 kwa anayetumia miguu yote miwili. Na 47 kwa 17 inafika 34 kwa mwenye miguu yote. Jino moja tu linakuokolea matairi.

Na mikanda ya miguu kaza vizuri. Kwenye skidi mguu wa nyuma unagandamiza chini na wa mbele unavuta juu. Bila mkanda, mguu huo wa mbele hauna cha kuvuta, na ukichomoka, pedeli inakuja kukupiga muundi.

Dada_Grisi

Wakuu kuna jambo halijatajwa na naliona ndilo linaloumiza watu wengi ambao hata hawako barabarani. Kusafisha mnyororo.

Kwenye baiskeli ya friwili unaning'iniza, unazungusha pedeli, unashika mnyororo kwa kitambaa, ukiacha kuzungusha mnyororo unasimama. Kwenye fiksi gurudumu likishapata kasi, mnyororo nao una kasi hiyohiyo na uzito wa gurudumu lote uko nyuma yake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafanya hivyo, akili yangu iko kwenye redio. Uzi mmoja wa kitambaa ukanaswa kwenye jino la mbele. Sikuwahi hata kushtuka. Kitambaa kilikwenda, kidole cha shahada kikakifuata kati ya mnyororo na meno, gurudumu likasimamia juu ya kidole. Kukitoa ilibidi nizungushe pedeli kinyume kwa mkono wa pili, pole pole, huku najiona. Kucha iliota upya ikiwa imepinda, na ncha ya kidole haina hisia hadi leo. Mimi nina bahati. Wapo waliokiacha kidole hapo.

Tangu siku hiyo nasafisha mnyororo gurudumu likiwa limesimama, nafuta kipande, nasogeza, nafuta kingine. Watoto nawafukuza kabisa baiskeli ikiwa imepinduliwa. Kamba za viatu na mapindo ya suruali ni habari ileile, upande wa kulia chomekea ndani ya soksi.

Kijana_wa_Pedeli

Dada pole sana. Nimesoma mara mbili na kitambaa nimekiweka chini.

Wakuu, nimerudi na matokeo. Mfereji umelala, habu nimepata ya hesi mbili, wosha nimejaza, mstari umekuja 42 nyuma na 43 mbele. Leo nimeendesha mara ya kwanza. Dakika ya pili nikasahau nikaacha kukanyaga, jamani, baiskeli ilininyanyua kitini kama punda aliyekasirika. Breki ya mbele ilinisaidia. Baada ya nusu saa nikaanza kutulia, na kuna kipande kimoja cha tambarare nilisikia kama baiskeli inanisukuma mimi.

Tatizo: nikiuvuta mnyororo ukae sawa, nikizungusha pedeli unakaza mpaka unalia, nikizungusha tena unalegea. Mnyororo mbovu?

Mzee_wa_Spoki

Hongera sana! Kule kunyanyuliwa kunampata kila mtu mara moja au mbili, mwili unajifunza wenyewe. Na huko kusukumwa ndiko kunakotushikilia sote hapa.

Mnyororo hauna kosa, gia yako ya mbele haikukaa katikati kabisa ya krenki, na ni chache zinazokaa. Legeza kidogo boliti zote 5 za gia, zibaki zimeshika kwa shida. Zungusha mpaka mnyororo ufike pale unapokaza zaidi, simamisha kabisa, toa vidole. Gonga mnyororo upande wa juu kwa mpini wa mbao, taratibu, gia itajisogeza kwa nywele moja. Kaza boliti kidogo, zungusha, tafuta tena pa kukaza, rudia. Mara tatu au nne inatosha. Kisha kaza boliti kwa zamu, ukiruka moja moja, usizifuate kwa duara.

Baada ya hapo weka ulegevu: pale panapokaza zaidi, mnyororo uweze kupanda na kushuka jumla kama sentimita moja. Ukiukaza kama uzi wa gitaa unaua beringi za habu na za pedeli. Ukilegea sana utaruka, na nimeshaeleza ukiruka nini kinatokea. Wakati wa kukaza nati za ekseli usivute gurudumu kwa nguvu, litembeze: kaza nati ya kulia kidogo, sukuma tairi kushoto, kaza ya kushoto, legeza ya kulia, sukuma kulia, hivyo hivyo mpaka likae katikati na mnyororo umepata ulegevu wake.

Kijana_wa_Pedeli

Nimefanya. Sasa unazunguka kimya kabisa, siusikii. Swali la mwisho mkuu: ile ringi ya kufungia niiguse tena au niiache?

Mzee_wa_Spoki

Iguse. Kwa safari hizi za mwanzo kila unapokanyaga mlima sproketi bado inajikaza ndani, na ikiingia kidogo ringi inabaki na mwanya. Kesho panda mlima mmoja wa haja, umesimama kwenye pedeli, na kurudi tumia breki ya mbele tu, usipinge. Ukifika, shika spana ya kulabu kabla hata hujanywa maji. Utaona ringi inakubali kuzunguka tena kidogo, labda robo. Rudia baada ya wiki. Siku ikikataa kabisa kusogea, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye ringi hadi kwenye sproketi, na kila asubuhi kabla ya kupanda tazama kama mstari bado umenyooka.